Usikakamae Siku ya Harusi Yako: Mwongozo Kamili wa Kutoka Vizuri Pichani

Kuna bwana harusi mmoja niliyempiga picha miaka michache iliyopita, mcheshi ajabu. Ndani ya gari kutoka kanisani hadi ufukweni alimtania kila mtu, kuanzia dereva hadi matroni. Tulipofika akashuka, nikainua kamera, na mtu yule akatoweka. Mabega yalipanda hadi masikioni, ngumi zikakunjwa kama yuko kwenye gwaride, tabasamu likabaki mdomoni huku macho yakiuliza tunamaliza saa ngapi. Nikishusha kamera anarudi, nikiinua anaondoka. Mkewe alimtazama akacheka mpaka akalazimika kuishika shela isidondoke. Picha ya kicheko hicho ndiyo iko ukutani kwao leo.

Wengi hudhani kutoka vizuri pichani ni kipaji: kuna waliojaliwa na kuna sisi wengine. Mimi ninayefanya kazi hii hapa Dar es Salaam naona vingine. Watu hukakamaa kwa sababu wana njaa, viatu vinabana, ratiba imechelewa saa mbili na wajomba watatu wanapiga kelele "cheka basi!" Karibu yote hayo hutengenezeka au huharibika wiki kadhaa kabla hamjavaa.

Kwanza, jua unachokiogopa

Uso wako unaoujua ni ule wa kwenye kioo, umegeuzwa kulia kwenda kushoto. Na kwa kuwa hakuna mtu ambaye pande zake mbili za uso zinalingana kabisa, picha ya kawaida hukuonyesha mtu unayemfahamu nusunusu. Mwaka 1977 watafiti nchini Marekani waliwaonyesha watu picha zao za aina mbili, ya kawaida na iliyogeuzwa kama kioo. Wenyewe walielekea kuipenda ya kioo. Rafiki zao waliipenda ya kawaida. Kwa hiyo unaposema "mimi huwa sitoki vizuri", kasoro unayoiona huenda wenzako hawaioni.

Selfi nazo zina lawama yake. Simu ikiwa karibu na uso, kilicho mbele hukuzwa, na kilicho mbele usoni ni pua. Mpiga picha mzuri husimama mita kadhaa kutoka kwako na kutumia lenzi ndefu, kwa hiyo pua yako hurudi kuwa na ukubwa wake. Usiihukumu sura yako kwa selfi ya saluni.

Sababu kubwa zaidi ni kwamba mtu anayetazamwa bila kuwa na kazi hajui afanye nini na mwili wake. Mpe kitambaa akunje, au mtoto ambebe, mwili unajipanga wenyewe. Sehemu kubwa ya maelekezo yaliyo hapa chini ni namna ya kujipatia kazi.

Mchague mpiga picha kwa kuwatazama wazee

Kila mpiga picha ana picha kumi kali kwenye ukurasa wake. Hizo zisikushawishi. Omba akuonyeshe harusi moja nzima, tangu maandalizi hadi keki. Halafu usiwatazame maharusi. Mtazame mama wa bwana harusi, baba mdogo aliyevaa suti ya kuazima, wapambe wanaosubiri kuingia. Warembo hutoka vizuri kwa mpiga picha yeyote. Ukiona baba mdogo naye kakaa kwa raha, umempata anayejua kutuliza watu.

Kutana naye ana kwa ana kabla ya kulipa, na umwambie mambo ambayo watu huona aibu kuyasema. Kama wazazi wameachana na hawasimami pamoja, aambiwe. Kama hamtaki kubusiana mbele ya wakwe, aambiwe mapema asije akawaagiza hadharani mkabaki mnatazamana. Kama una jino au kovu lisilokupa raha, mwonyeshe. Atajua asimame upande gani na hutalifikiria tena siku nzima.

Jambo moja husahaulika: mpiga picha na mpiga video wakutane kabla ya siku. Wasipojuana, mmoja atasema "niangalieni mimi" wakati mwingine anasema "hapana, huku", na nyinyi mtabaki mkigeuza shingo kama watazamaji wa mpira wa meza.

Fanyeni mazoezi ya saa moja

Picha za kabla ya harusi wengi huziona ni za kuringishia kwenye kadi au skrini ya ukumbini. Faida yake hasa ni kuizoea kamera. Dakika 20 za mwanzo huwa mbaya kwa karibu kila mtu. Ni afadhali mziteketeze siku ambayo hakuna wageni 300 wanaosubiri.

Msiende mahali pa kifahari msipopajua. Nendeni mnakokwenda siku zote. Wachumba wawili niliwapiga picha kwa muuza madafu waliyekuwa wakinunua kwake kila Jumapili. Muuzaji akawatania kwamba sasa wanywe dafu moja kwa mirija miwili ili wabane matumizi ya harusi, na nikamaliza kazi kabla dafu halijaisha.

Unganisha siku hiyo na jaribio la vipodozi. Baadhi ya poda, hasa zile nyeupe za kumalizia, na losheni za kukinga jua huakisi flashi. Ngozi nyeusi iliyopendeza kwenye kioo cha saluni hutoka pichani na madoa meupe chini ya macho, kama mtu aliyechungulia gunia la unga. Zimeni taa, mpige picha kwa flashi ya simu kutoka karibu. Kama kuna weupe utauona hapo hapo, na mpambaji atabadilisha poda.

Mavazi yana masharti machache. Viatu vivaliwe nyumbani jioni tatu au nne kabla ya siku yenyewe, soli mpya ikwaruzwe kidogo isiteleze kwenye vigae vya ukumbi. Ukiwa fundini usisimame tu mbele ya kioo: kaa, inama, nyanyua mikono, mkumbatie mtu. Gauni lisiloruhusu kumbatio litakunyima nusu ya picha. Bwana harusi aingize vidole viwili kwenye kola. Visipoingia, ataonekana ana hasira kuanzia mchana.

Panga ratiba kwa kurudi nyuma

Hapa ndipo harusi zetu nyingi huharibika. Kamati hupanga ukumbi, chakula, MC na matarumbeta; picha hupewa "hapo katikati". Anzeni na jua, mrudi nyuma.

Jua la Dar es Salaam huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni kutegemea mwezi, mapema zaidi mwezi Mei na kwa kuchelewa zaidi Februari. Mwanza huchelewa kwa dakika kama 25 kuliko Dar. Mwanga mzuri ni wa saa nzima kabla ya hapo: jua limelala, halichomi, hamkunji uso. Kwa hiyo mnataka kuwa mmeshafika kwenye lokesheni saa 11 kamili. Toeni saa moja ya foleni. Ni saa 10. Toeni dakika 40 za picha za pamoja nje ya kanisa, na saa mbili za ibada. Tayari mko saa 7:20 mchana, na bibi harusi hajatoka saluni. Saluni nayo muiongezee saa nzima ya dharura. Sijawahi kuona saluni iliyomaliza kabla ya wakati, ingawa naendelea kutumaini.

Kama ndoa ni asubuhi na picha lazima zipigwe saa sita, tafuteni kivuli kizito: baraza ya nyumba, ukuta mrefu, mwembe uliofunga. Jua la utosini hutia vivuli kwenye mashimo ya macho, na mtu hata awe na furaha namna gani huonekana hajalala. Mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba jua la Dar hupita juu ya kichwa kabisa, kwa hiyo miezi hiyo hakuna ujanja. Epukeni tu kivuli chenye matundu, kile kinachowatia madoa ya mwanga kama chui.

Wapenda bahari waulize maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, hapa kwetu maji hujaa sana kuanzia kama saa 10 alasiri, na ufukwe mlioupenda mnaukuta umemezwa. Wiki inayofuata saa hiyo hiyo maji yamekupwa na mnatembea kwenye mchanga mpana. Upepo nao una msimu: kusi la Juni hadi Agosti huchukua shela bila huruma. Msishindane nalo. Mmoja wa wapambe aishike shela kisha aiachie kwa hesabu ya tatu, iwe sehemu ya picha. Bustani na majengo ya makumbusho huwa na ada na kibali, ulizeni wiki mbili kabla. Na ukipita ufukweni kando ya Barabara ya Barack Obama, kumbuka Ikulu ni jirani; kamera haielekezwi huko, na droni isirushwe bila vibali.

Sasa chakula. Bibi harusi wengi ninaokutana nao lokesheni walikula mara ya mwisho jana yake usiku. Wanatetemeka, wanatabasamu kwa shida, na mtu anasema "ana wasiwasi". Hana wasiwasi, ana njaa. Asubuhi kula mayai, ndizi, mkate, kitu chenye uzito. Matroni abebe mfuko wenye korosho, maji, mrija wa kunywea ili rangi ya mdomo isitoke, tishu, pini na ndala. Jasho libonyezwe kwa tishu. Ukilifuta unafuta na vipodozi.

Picha za pamoja ziandikiwe orodha. Makundi 12 yanatosha, kila moja dakika tatu, ukianza na wazee ili wakapumzike. Orodha apewe mtu mmoja anayeijua familia na mwenye sauti, mara nyingi ni shangazi. Mpiga picha hawezi kujua nani ni baba mkubwa na nani ni jirani. Shangazi akiita, watu huja.

Mwisho, msafara wa lokesheni usizidi watu sita. Wanaobaki watangulie ukumbini wakanywe soda. Kila jicho la ziada linaongeza uzito mabegani mwenu, na simu kumi zilizoinuliwa zitawafanya msijue pa kutazama. Hili kamati italipinga. Simamieni hapo hapo.

Mkiwa mbele ya kamera

Anza na miguu. Usisimame kwa miguu yote miwili sawasawa kama mwanafunzi mstarini. Uzito uweke mguu wa nyuma, goti la mbele lilegee. Kiuno na mabega vitafuata vyenyewe.

Mikono ndiyo huwasumbua zaidi wanaume. Mkono mmoja mfukoni, kidole gumba kibaki nje. Mwingine upewe shughuli: kufunga kifungo cha koti, kuweka saa sawa, kumshika mkeo kiganja kwa kukilaza badala ya kukikamata. Bibi harusi mwenye wasiwasi huinua maua hadi kifuani, anajificha. Yashushe mpaka chini ya kitovu, viwiko vipumzike, utaona hata pumzi inashuka.

Pumzi yenyewe: vuta kupitia puani, itoe yote polepole kwa mdomo. Wakati mzuri wa picha ni ule inapomalizikia, mabega yakiwa yameshuka. Kidevu usikirudishe nyuma, kwa sababu ndipo kinapotokea kidevu cha pili. Peleka kipaji cha uso mbele kidogo, kama mtu anayechungulia dirishani kuona nani kabisha hodi. Utajiona kituko. Pichani hakuna atakayejua.

Kuhusu tabasamu, Mfaransa Guillaume Duchenne aliandika tangu 1862 kwamba furaha ya kweli huukaza msuli unaozunguka jicho, na msuli huo ni mgumu kuuamrisha. Ndiyo maana ukiambiwa "sema chizi" mdomo unafunguka na macho yanabaki yamekufa. Njia ninayoiamini ni hii: fumba macho, tazama chini, hesabu hadi tatu, kisha inua uso umtazame mwenzako wala si kamera. Sekunde moja baada ya macho kukutana kuna kitu hutokea, na mimi huwa nakisubiri hicho.

Kisha ongeeni. Watu wengi huganda kwa kudhani kuongea kutaharibu picha. Mwulize mwenzako siku ya kwanza alipokuja kwenu alikula nini na alijifanya ameshiba kiasi gani. Au mume amnong'oneze mkewe bei za vitunguu na mchele wa Kariakoo kwa sauti ya mahaba, bila kucheka. Sijaona bibi harusi aliyefika kwenye mchele.

Mkichoka kusimama, tembeeni. Shikaneni mikono mje kuelekea kwenye kamera kama mnaokwenda dukani bila haraka. Mmoja amtazame mwenzake, mwingine atazame njia, halafu mbadilishane. Gauni likikanyagwa, chekeni, msisimame. Na kila baada ya dakika kumi mwombe mpiga picha awaache peke yenu kwa dakika mbili, asogee mbali na lenzi yake ndefu. Picha nyingi ambazo watu huzichapisha kubwa hupatikana katika dakika hizo mbili.

Si kila uso mtulivu ni uso unaocheka

Hapa nina deni la kulipa. Nikiwa bado mgeni kwenye kazi, nilipiga picha sendofu moja. Binti alikuwa ameinamisha kichwa, macho chini, na mimi nikawa nasema "tabasamu dada, tabasamu kidogo". Bibi yake akanivuta kwa mkono hadi pembeni ya jukwaa. "Mwanangu," akaniambia, "huyu anaagwa. Mwache alie." Nikarudi nikanyamaza. Bibi akaketi karibu na mjukuu wake, akatoa ncha ya kanga akamfuta shavu, kidole kimoja kikitetemeka. Hiyo ndiyo picha pekee ya siku ile ambayo bado naikumbuka bila kufungua kompyuta.

Katika nyumba zetu nyingi bibi harusi akicheka sana siku ya kuagwa watu husema anaona raha kuwaacha wazazi. Macho ya chini ni haya na ni heshima, na yanaweza kuwa utulivu wake wa kweli. Mkae na wakubwa mjue shughuli ipi inataka nini: pengine sendofu ni ya macho chini na ukumbini ni ya kucheka na kucheza. Mpiga picha aambiwe, asimlazimishe mtu kuonyesha meno.

Kwa harusi za Pwani na Visiwani kuna shughuli za wanawake peke yao, kama hina na siku ya kupambwa. Hapo mtafute mpiga picha mwanamke, simu za wageni zikusanywe mlangoni, na muandikiane nani atazitunza picha na kwamba haziendi mtandaoni. Bibi harusi anayejua picha yake haitafika kwa wasiomhusu hulegea mwenyewe. Bwana harusi anapoingia kumpa mkono mkewe baada ya akdi, yaani kufungishwa ndoa, tukio lote ni la sekunde chache chumbani, watu wamejaa mlangoni. Mpiga picha awe ameshaingia, amebana kona, wala asiombe warudie.

Ukumbini

Hapa mambo ni mepesi, ila taa ya video ni kali. Usiitazame, chagua uso mmoja unaoupenda kwenye meza za mbele, uutazame huo mnapoingia. Mwambieni MC mapema asiwaagize mambo msiyokubaliana. Kipande cha keki kiwe kidogo cha kuingia mdomoni mara moja. Wakati wa kutunzwa msifikirie kamera kabisa. Shangazi akija akicheza na doti ya kanga kichwani, uso wako utajua cha kufanya.

Mkiletewa picha

Msizifungue usiku mkiwa mmechoka, na msizipitie huku mkitafuta kasoro. Ziacheni zilale siku mbili. Kisha kila mmoja achague picha za mwenzake, kwa sababu ile ile ya kioo: yeye ndiye anayeujua uso wako jinsi ulivyo. Bibi harusi akichagua zake mwenyewe atatupa nzuri zote kwa sababu ya mkono ulioonekana mnene.

Yule bwana harusi wa gwaride hakunisikiliza. Alichagua mwenyewe, akaichukua ile aliyosimama wima, ngumi zimekunjwa, akisema hapo amenyooka. Mkewe akachagua ile ya kicheko. Nikazichapisha zote mbili. Ya gwaride iko sebuleni kwa baba yake, askari mstaafu, ambaye kila nikionana naye huniambia kazi nzuri niliyowahi kuifanya ni hiyo.